Usubi na Ukoo wa Mama: Historia ya Mdudu Aliyedhaniwa Mgeni

0. Utangulizi

Kati ya mwaka wa 1998 na mwaka wa 2005 ugonjwa wa ulimi-buluu uliangamiza kondoo zaidi ya 1,500,000 katika nchi za bahari ya Mediteranea. Mnyama aliyeshikwa na ugonjwa huo hupatwa na homa kali. Midomo na uso huvimba, kinywa hutoka vidonda, na miguu humuuma hata asiweze kufuatana na kundi. Pengine ulimi hugeuka rangi, na hapo ndipo lilipotoka jina. Virusi vyake haviambukizwi kwa kugusana. Hupelekwa na mdudu mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3, ambaye jike lake hunyonya damu ili apate kukomaza mayai. Mdudu huyo ni usubi.

Maelezo ya msiba huo yalipatikana upesi. Spishi moja ya usubi, Culicoides imicola, iliyojulikana kuwa ya Afrika, ilisemekana kuwa imevuka bahari na kuingia Ulaya kwa sababu dunia inazidi kupata joto. Mwaka wa 2005 Bethan Purse na wenzake waliyapanga maelezo hayo kwa ustadi, wakilinganisha vipimo vya joto na ramani za kuenea kwa ugonjwa na kwa mdudu, na makala yao yakawa mfano uliotajwa mara kwa mara kila ilipozungumzwa habari ya magonjwa na mabadiliko ya tabianchi. Maelezo yalikuwa kamili: yalikuwa na mshitakiwa, na njia aliyopita, na sababu iliyomtoa kwao. Kasoro yake ilikuwa moja. Yalimhesabu mdudu kuwa mgeni kwa kuwa hakuwa ameandikwa popote kuwa mwenyeji.

Kwa mwanahistoria, hilo ni kosa la zamani lenye sura mpya. Nchi nyingi za Afrika zimehukumiwa hazina historia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakuna hati. Katika shauri hili la usubi hati ilikuwapo, ila ilikuwa ndani ya mwili wa mdudu mwenyewe, katika sehemu ya urithi anayoipata kwa mama yake tu.

Neno usubi linahitaji tahadhari. Katika matumizi ya Kiswahili huitwa hivyo vidudu vingi virukavyo viumavyo vilivyo vidogo kuliko mbu, na katika Tanzania jina hilo limepewa hata ugonjwa wa upofu uletwao na inzi mweusi wa mitoni. Hapa linatumiwa kwa wadudu wa familia ya Ceratopogonidae peke yao, na hasa jenasi ya Culicoides, yenye spishi zaidi ya 1,300 zilizokwisha kupewa majina. Wala si wadudu wa mbali. Katika misitu ya Kongo wao ndio wanaowapelekea watu minyoo ya Mansonella perstans, ambayo Patrick Manson aliieleza mjini London mwaka wa 1891 kutokana na damu ya wagonjwa waliotoka Afrika, akidhani, kwa makosa, kwamba ndiyo sababu ya malale.

1. Farasi wa Sena na kondoo wa Rasi

Historia iliyoandikwa ya magonjwa yaletwayo na usubi inaanza na farasi, na inaanza vibaya. Mwaka wa 1569 Mreno Francisco Barreto alitumwa kuongoza msafara wa kuitafuta dhahabu ya Mwenemutapa. Pamoja naye alikuwa Padri Monclaro, Mjesuiti, aliyeacha maandishi juu ya safari hiyo. Msafara ulipofika Sena, kando ya mto Zambezi, mnamo mwaka wa 1571, askari wakaanza kufa kwa homa, na farasi nao wakafa. Wareno hawakutafuta sababu katika nchi wala katika hewa. Waliwashitaki wafanyabiashara Waislamu waliokaa Sena, watu wa jamaa ya Waswahili wa pwani, kwamba wamewatilia farasi sumu, wakawaua kwa ukatili ambao Monclaro mwenyewe hakuona haya kuusimulia.

Vitabu vya tiba ya mifugo huyataja maandishi ya Monclaro kuwa habari ya kwanza, katika sehemu hii ya Afrika, ya ule uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika. Wako wanaodhani kwamba farasi wa Sena waliuawa na mbung'o badala yake, na dalili zilizoandikwa hazitoshi kulimaliza shauri. La hakika ni kwamba wauaji walikuwa wadudu. Watu waliouawa kwa ajili yao walikuwa wakijulikana katika bandari zote kutoka Sofala hadi Lamu, na hakuna kitabu cha mifugo kinachowataja.

Kusini zaidi ugonjwa ulijitokeza waziwazi. Mwaka wa 1719 farasi karibu 1,700 walikufa katika Rasi ya Tumaini Jema. Na katika mlipuko wa mwaka wa 1854 na 1855 walikufa karibu 70,000, yaani zaidi ya asilimia 40 ya farasi wote wa koloni hiyo. Punda milia wa nchi hawakuumwa. Kwa kondoo mambo yalikuwa hivyo hivyo: walioumwa sana ulimi-buluu ni merino na kondoo wengine walioletwa kutoka Ulaya, ilhali kondoo wa asili waliweza kubeba virusi bila dalili kubwa. Ugonjwa haukuonekana kuwa ugonjwa mpaka ulipowapata wanyama wasiouzoea. Mgeni katika kisa hiki alikuwa farasi, na alikuwa kondoo wa sufu nzuri. Lakini jina likabandikwa nchi, na farasi mgeni akafa kwa ugonjwa "wa Afrika".

Mwaka wa 1900 John M'Fadyean alionyesha kwamba kinacholeta ugonjwa wa farasi hupenya katika vichujio vinavyozuia bakteria. Ikabaki kumjua mpelekaji. Wafugaji walikuwa wametambua zamani kwamba farasi aliyefungiwa bandani kabla ya jua kuzama husalimika, na majaribio ya vyandarua yaliyofanywa mwanzoni mwa karne ya 20 yaliwapa haki. Wengi wakamshuku mbu. Ilipita miaka arobaini kabla ya R. M. du Toit, katika kituo cha Onderstepoort karibu na Pretoria, kituo alichokianzisha Arnold Theiler mwaka wa 1908, kutangaza mwaka wa 1944 kwamba mpelekaji wa virusi vyote viwili, vya farasi na vya kondoo, ni usubi. Usubi hupenya katika matundu ambayo mbu hawezi kuyapita.

2. Mdudu mmoja, majina mengi

Usubi aliotumia du Toit uliitwa wakati huo Culicoides pallidipennis. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1920 na Carter, Ingram na Macfie, waliokuwa wakifanya kazi Accra katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Lakini miaka saba kabla yao mdudu yule yule alikuwa amekwisha kupewa jina jingine. Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walisafiri Afrika ya Mashariki mwaka wa 1911 na 1912 wakikusanya wadudu, na katika mizigo yao walikuwamo usubi kutoka nchi iitwayo leo Kenya. Vidudu hivyo vilipelekwa kwa Padri Jean-Jacques Kieffer, mwalimu wa shule huko Bitche katika Lorraine, ambaye mwaka wa 1913 alikitoa kimoja chao kwa jina la Culicoides imicola. Kieffer aliandika haraka na kwa ufupi, na waliomfuata wamelalamika sana juu ya maelezo yake, kwa kuwa mtu akiyasoma hawezi kuwa na hakika ni usubi gani uliokusudiwa.

Basi kwa zaidi ya nusu karne mdudu mmoja aliishi katika vitabu kama watu wawili: imicola wa Mashariki, asiye na kosa lolote, na pallidipennis wa Magharibi na Kusini, mpelekaji wa magonjwa. Mwaka wa 1971 C. P. M. Khamala, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, akishirikiana na D. S. Kettle, alitoa uchunguzi mkubwa wa Culicoides za Afrika ya Mashariki, na katika miaka iliyofuata jina la Kieffer, lililotangulia, ndilo lililoshika. Kisha mwaka wa 1989 Rudolf Meiswinkel aliyaandika upya maelezo ya imicola yote, akaonyesha kwamba chini ya jina hilo alikuwa amefichwa ndugu yake wa karibu, aliyemwita Culicoides bolitinos. Kwa macho, hata kwa hadubini, hao wawili hutofautiana kidogo tu katika madoa ya mabawa. Kwa maisha wametengana kabisa: imicola huzaliana katika udongo wenye maji uliochanganyika na mbolea, na bolitinos katika mavi ya nyati, ya nyumbu na ya ng'ombe.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa wataalamu wenyewe hawakuwa na jina moja la mdudu kabla ya miaka ya 1970, na mipaka ya spishi haikuwa dhahiri kabla ya mwaka wa 1989, basi kutokutajwa kwake mahali fulani katika miaka ya 1950 si ushahidi kwamba hakuwapo. Asiyetafutwa haandikwi. Ni ajabu kwamba hoja nyepesi kama hii haikuwazuia wengi kuchora mishale katika ramani, ikitoka Aljeria na Tunisia kwenda Sardinia.

3. Hati iliyo mwilini

Ndani ya seli za mnyama, nje ya kiini, mna vijumba viitwavyo mitokondria ambamo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Mwaka wa 1963 Margit Nass na Sylvan Nass, wakifanya kazi Stockholm, walitambua kwamba vijumba hivyo vina ADN yao wenyewe, mbali na ile ya kiini. ADN hiyo ni fupi na ina umbo la duara. Ile ya binadamu, iliyosomwa yote huko Cambridge mwaka wa 1981, ina herufi 16,569. Ile ya Drosophila yakuba, inzi wa matunda wa Afrika, iliyotolewa na Clary na Wolstenholme mwaka wa 1985, ina herufi 16,019. Katika wote wawili mna jeni 37 zile zile: 13 za kutengeneza protini, na 24 za vyombo vya kuzitengenezea. Jenomu nzima ya mitokondria ya mdudu ingeweza kuchapishwa katika kurasa chache za jarida.

Yaliyowavuta wachunguzi wa nasaba ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba ADN hii hurithiwa kwa mama. Msomaji wa Katanga hahitaji kutafutiwa mfano wa mbali. Kwa Babemba na kwa Balamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mtoto wa kiume naye ni wa ukoo huo, anaitwa kwa jina lake na anazikwa nao, lakini hawaachii watoto wake. Hao ni wa mama yao. Mitokondria hufuata kanuni iyo hiyo. Usubi dume anayo, aliipata kwa mama yake, na kwake inaishia. Kwa hiyo urithi huu hauchanganyiki kila kizazi kama ADN ya kiini, ambayo nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Huteremka katika mstari mmoja, bibi kwa mama, mama kwa binti.

La pili ni kwamba katika kuteremka hunakiliwa, na katika kunakiliwa huingia makosa. Mtaalamu wa hati za kale za tenzi anaijua kazi inayofuata. Nakala mbili zikiwa na kosa moja lisilo la kawaida, yaelekea zimetoka katika nakala moja iliyotangulia. Na kadiri makosa yanavyozidi kuzitenganisha nakala mbili, ndivyo ilivyo mbali hati iliyozizaa zote mbili. Wachunguzi wa usubi walifanya vivyo hivyo. Tangu Folmer na wenzake walipotoa mwaka wa 1994 njia nyepesi ya kukinakili kipande cha jeni moja ya mitokondria, iitwayo COI, kutoka kwa wanyama wa namna nyingi wasio na uti wa mgongo, ikawa rahisi kumchukua usubi mmoja mkavu na kusoma ukoo wake. Mwaka wa 2003 Paul Hebert wa Guelph, nchini Kanada, alipendekeza kipande hicho kiwe kitambulisho cha kila spishi. Kwa usubi, ambao hutofautishwa kwa madoa ya mabawa yanayofifia mzoga ukikaa, pendekezo hilo lilikuwa faraja.

Jenomu nzima ilisema zaidi ya kipande. Mwaka wa 2009 Matsumoto na wenzake, nchini Japani, walipochunguza mitokondria ya Culicoides arakawae, usubi anayewauma kuku, waliona kwamba mpangilio wa jeni haufuati ule wa wadudu wa asili. Jeni ni zile zile, ila nyingine zimehamishwa mahali, na uhamisho huo si mmoja kwa spishi zote. Ni kama nakala ya utenzi ambayo beti zake zimepangwa upya: maneno yanaweza kuwa sahihi yote, na bado mpango wenyewe ukamtaja mwandishi aliyeinakili.

Kwa habari za kale zaidi, ADN na mawe husaidiana. Jamaa wa karibu wa usubi ni mbu, inzi weusi wa mitoni, na wale vidudu wasiouma wanaorukaruka kwa makundi juu ya maziwa jioni. Katika kaharabu ya Lebanoni, utomvu wa miti uliogeuka jiwe zaidi ya miaka 120,000,000 iliyopita, usubi wamo, na midomo yao ya kunyonyea inaonekana. Jenasi moja ya zama hizo, Austroconops, iligunduliwa ingali hai katika Australia ya Magharibi, ikaelezwa mwaka wa 1958. Walionyonya damu kabla ya kuwapo ng'ombe, farasi na kondoo duniani hawakuwa na haja ya kungoja Mreno awaletee chakula.

Lakini ushahidi wa mama peke yake una hatari. Katika spishi kadhaa za Culicoides huishi bakteria waitwao Cardinium, ambao nao hupitia katika mayai. Bakteria wa namna hiyo wakimpa jike faida yoyote, uzao wake huenea haraka, na mitokondria yake huenea pamoja nao, kana kwamba ukoo mmoja umeshika nchi nzima kwa nguvu zake wenyewe. Kwa sababu hiyo mchunguzi mwangalifu huuliza na upande wa pili, yaani ADN ya kiini.

4. Shauri la uhamiaji

Hata kabla ya kumwuliza mdudu, kumbukumbu za Ulaya zenyewe zilikuwa na mambo yasiyopatana na kisa cha mgeni. Ulimi-buluu ulizuka Ureno na Hispania mwaka wa 1956, ukaua kondoo karibu 180,000; wakati huo habari za dunia kupata joto zilikuwa hazijaenea. Mwaka wa 1982 Culicoides imicola ilipatikana Hispania, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, ilikuwa imekwisha kuonekana pande za kusini za bahari ya Mediteranea. Na mwaka wa 1987 hifadhi moja ya wanyama karibu na Madrid ilinunua punda milia kutoka Namibia. Punda milia hao walikuwa na virusi vya ugonjwa wa farasi bila kuugua. Ugonjwa ukawaka, ukarudi mwaka baada ya mwaka hadi 1990, kwa kuwa wapelekaji walikuwako tayari, wamejaa. Kilichovuka bahari kilikuwa virusi, na kilivuka kwa hati za forodha.

Hata hivyo, Culicoides imicola ilipopatikana Sardinia mwaka wa 2000, ugonjwa ukiwa umekwisha kufika huko, watu waliona wameukamata uhamiaji ukiwa njiani. Swali likapelekwa kwa wasomaji wa nasaba.

Namna ya kulijibu inaeleweka kwa mfano wa kijiji. Kijiji kilichoanzishwa jana na wanawake watatu waliotoka mji mkubwa kitakuwa na koo tatu tu, na zote tatu zitapatikana katika mji ule walikotoka. Kijiji kilichokaa miaka elfu kitakuwa na koo zake chenyewe, matawi yaliyochipuka hapo hapo, ambayo mtu akiyatafuta mjini hayaoni. Basi ikiwa usubi wa Italia ulifika juzi kutoka Afrika ya Kaskazini, ADN yake ingepaswa kuwa sehemu ndogo ya ile ya huko. Ikiwa ni wa zamani, itakuwa na mambo yake.

Ishara ya kwanza ilitoka kwa mitokondria. Mwaka wa 2003 Dallas na wenzake walilinganisha imicola wa Ureno, wa kisiwa cha Rhodes na wa Israeli, wakakuta kwamba koo za mama za upande wa magharibi si zile za upande wa mashariki. Halikuwa kundi moja lililomwagika kutoka mlango mmoja. Mwaka wa 2013 Mardulyn na wenzake waliliuliza swali la Italia moja kwa moja. Walikusanya usubi katika mahali zaidi ya 60, Italia, Corsica, kusini mwa Ufaransa na Afrika ya Kaskazini, wakasoma sehemu 10 za ADN ya kiini, kisha wakapima visa vitatu vya historia kimoja kwa kingine. Kisa cha kwamba mdudu alikuwa Italia tangu zamani kilipata uwezekano usiopungua asilimia 99.

Miaka miwili baadaye, 2015, Stéphanie Jacquet na wenzake walizipima Afrika na Mediteranea pamoja, kwa urithi wa mama na kwa urithi wa kiini. Mgawanyiko wa magharibi na mashariki waliuona tena, safari hii ndani ya Afrika na kando ya bahari vilevile. Makundi matatu yalionyesha alama za kuongezeka sana katika enzi ya Plaistosini, wakati tabianchi ilipokuwa ikibadilika bila msaada wa viwanda. Na kuingia kwa imicola katika nchi za Mediteranea waliona kunaweza kuwekwa mwishoni mwa enzi hiyo au mwanzoni mwa Holosini, yaani zaidi au karibu ya miaka 10,000 iliyopita. Yaelekea uliingia mara moja. Njia mbili nazo hazikukataliwa. Waandishi walisema waziwazi kwamba milipuko ya karibuni haihusiani na kuingia kwa mdudu, na kwamba sababu yafaa itafutwe katika mabadiliko ya virusi au ya mdudu mwenyewe.

Hukumu hii isipanuliwe kupita kipimo chake. Haiondoi joto katika kesi. Virusi vya ulimi-buluu huongezeka upesi mwilini mwa usubi siku zinapokuwa za moto, na husimama kabisa kukiwa na baridi. Majira marefu ya joto humpa mpelekaji siku nyingi za kazi. Kilichoanguka ni shitaka la uhamiaji peke yake. Imicola alikuwa kando ya bahari ile kabla ya Roma na kabla ya Kartago, na huenda kabla ya kondoo wa kwanza kufugwa huko.

5. Malisho ya Maastricht

Mwezi wa Agosti 2006 ulimi-buluu ulizuka mahali ambapo hakuna aliyeungojea, karibu na Maastricht nchini Uholanzi, ukaingia Ubelgiji na Ujerumani kwa muda wa majuma. Culicoides imicola haikupatikana huko. Virusi vilipochunguzwa vilikuwa vya aina ya 8, jamaa ya virusi vya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, wala si vya aina zilizokuwa zikizunguka wakati huo katika Mediteranea. Havikuwa vimepanda polepole kutoka kusini, kituo kwa kituo, kama nadharia ilivyotaka. Vilikuwa vimeruka bara zima.

Meiswinkel, yule yule aliyemtenga bolitinos mwaka wa 1989, alikuwa miongoni mwa waliotafuta mpelekaji mpya, na mwaka wa 2007 yeye na wenzake wakatoa habari kwamba virusi vimekutwa katika Culicoides dewulfi. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1936 na Maurice Goetghebuer wa Ghent, ambaye katika miaka hiyo hiyo alikuwa akieleza pia vidudu vya jamaa hiyo vilivyoletwa Ubelgiji kutoka Kongo. Katika meza moja, basi, mtu mmoja aliwapa majina wadudu wa koloni na wadudu wa malisho ya kwao, na kwa miaka sabini hakuna aliyewashuku hao wa kwao kwa lolote zaidi ya kuwasumbua farasi.

Spishi nyingine mbili za kaskazini, Culicoides obsoletus na Culicoides chiopterus, zilionekana nazo zina sehemu katika kazi hiyo. Mpaka mwaka wa 2008, chanjo ilipoanza kutolewa kwa wingi, ugonjwa ulikuwa umefika Ufaransa na Uingereza. Dewulfi hahitaji joto la Afrika wala udongo wake. Huzaliana katika mavi mabichi ya ng'ombe na ya farasi, katika malisho yale yale ambamo kondoo walikuwa wakifa.